Kusubiri faiba kijijini Ayalandi: mwongozo kamili kuanzia kwenye ramani hadi ukutani kwako

Kodi ya Dublin humsukuma mtu hadi Longford. Kazi nayo ina safari zake: makao mengi ya wazee yanayoajiri wauguzi na wahudumu kutoka kwetu yako pembezoni mwa miji midogo ya Mayo, Roscommon, Cavan na Kerry, na nyumba za kupanga zilizo karibu nayo ziko kwenye vijia ambavyo magari mawili hayapishani. Nyumba ni kubwa, kodi ina nafuu, jirani ni ng'ombe tu. Kisha jioni unampigia mama video, na uso wake unaganda mdomo wazi nusu dakika nzima.

Faiba inakuja huko, au imeshafika na hujui. Foleni yenyewe haina mlango wa nyuma wala ofisa wa kumwona. Ila katika njia yote ya waya huo kuna kipande kimoja kilicho mikononi mwako, nacho ni kile cha kutoka barabarani hadi ukutani. Wengi wanaolalamika kwamba wamesahaulika wamekwama hapo hapo. Kwa hiyo mengine nitayapitia haraka, na hapo nitakaa.

Kwanza: Eircode yako na rangi yake

Karibu kila nyumba Ayalandi ina Eircode, alama saba za herufi na tarakimu, utaratibu ulioanza 2015. Tatu za mwanzo ni za eneo zima, nne za mwisho ni za nyumba yako peke yake. Vijijini nyumba hazina namba, na familia nane zinaweza kuandika anwani ileile, kwa hiyo kampuni ya intaneti haikutambui kwa jina la kijiji. Inakutambua kwa Eircode.

Mtego upo kwa wanaokaa nyumba ndogo ya uani kwa mwenye nyumba. Ikiwa haina Eircode yake, mfumo unaihesabu kuwa sehemu ya nyumba kubwa. Ukiagiza kwa Eircode ya mwenye nyumba ambaye tayari ana laini, oda yako itagongana na yake, au mbaya zaidi, itaonekana kama anahama kampuni. Uliza hilo kabla hujasaini karatasi za kupanga.

Ukishaipata Eircode yako, iingize kwenye ramani ya Serikali ya Mpango wa Taifa wa Intaneti. Nyumba yako itaangukia moja ya rangi mbili kubwa. Buluu ni eneo la biashara: kampuni binafsi zinasema tayari zinatoa au zitatoa angalau megabiti 30 kwa sekunde. Kaharabu, ile njano inayoelekea chungwa, ni eneo ambalo hakuna kampuni iliyoona faida, kwa hiyo Serikali inalipa ili waya ufike.

Ni vizuri kujua rangi hizi zilitoka wapi, maana ndizo zinazoeleza mambo ya ajabu utakayoyaona barabarani. Mpango ulitangazwa 2012. Wakati zabuni ikiendelea, kampuni ya simu ya eir iliahidi mwaka 2017 kupeleka faiba yenyewe kwenye nyumba 300,000 za vijijini, na hizo zikatolewa kwenye mpango. Bila shaka zilizochukuliwa ni zile zilizojipanga kandokando ya barabara zenye watu. Mwaka uleule SIRO, kampuni ya pamoja ya ESB, shirika la umeme, na Vodafone, ikajitoa kwenye zabuni. Januari 2018 eir nayo ikajitoa. Likabaki kundi moja tu la wazabuni. Oktoba 2018 waziri aliyehusika, Denis Naughten, akajiuzulu kwa sababu ya mikutano yake na mkuu wa kundi hilo. Mkataba ulisainiwa Novemba 2019 na National Broadband Ireland, NBI kwa kifupi: miaka 25, na fedha za umma zinazoweza kufika euro bilioni 2.7. Eneo lao lina nyumba, mashamba na biashara zaidi ya nusu milioni, zilizotawanyika kwenye takriban asilimia 96 ya ardhi ya nchi.

Ndiyo maana jirani yako wa njia panda anaweza kuwa na faiba tangu 2018 na wewe, mita 300 ndani ya kijia, huna. Yeye alikuwa kwenye zile 300,000. Wewe ni kaharabu. Kumpigia simu mtoa huduma wake kila wiki hakukusaidii, kwa sababu mtandao unaomhudumia si utakaokuhudumia wewe.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linaloumia kimyakimya: nyumba za buluu zisizopata kitu. Ramani inasema kampuni zipo, ukiuliza kila moja inasema haiwezi. Kama ni wewe, kusanya majibu ya maandishi kutoka kampuni mbili tatu, kila jibu liwe na Eircode yako, kisha yapeleke kwa wizara inayosimamia mawasiliano ukiomba nyumba ikaguliwe upya. Malalamiko ya mdomo hayabadilishi rangi kwenye ramani.

Pili: uko hatua gani ya foleni

NBI imegawa nchi katika maeneo 227 ya ujenzi. Kwenye tovuti yao ingiza Eircode uone eneo lako liko wapi, kisha sajili barua pepe ili upate taarifa hali ikibadilika. Usajili huu si oda. Haukuingizi mahali popote kwenye foleni, ila unakuokoa usigundue mwezi wa nne kwamba huduma ilifunguliwa mwezi wa kwanza.

Hatua zenyewe, kwa ufupi: wapimaji hupita barabarani wakihesabu nguzo na mifereji ya chini ya ardhi, wahandisi huchora, kisha huja kazi ya kuandaa njia, yaani kubadilisha nguzo zilizooza, kuzibua mifereji, kukata matawi, ndipo waya unatandazwa, unaunganishwa na kujaribiwa. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni nguzo na mifereji ya eir iliyokodishwa, kwa hiyo ukiona gari la mkandarasi limeegeshwa chini ya nguzo ya simu ya zamani, huenda ndiyo faiba yako inakuja.

Hatua ya kuandaa njia ndiyo inayokula muda na ndiyo inayowachanganya watu. Unaona waya mweusi mpya umeviringishwa juu ya nguzo mbele ya lango, unapiga simu, unaambiwa bado. Si uongo. Waya unaweza kuning'inia hapo miezi huku kilomita kumi mbele kuna mfereji uliobomoka chini ya barabara na kibali cha kuchimba kinasubiriwa kutoka halmashauri. Mipaka ya maeneo haifuati parokia wala kaunti pia. Inafuata jinsi mtandao unavyotoka kituoni. Ng'ambo ya barabara wanaweza kuwa eneo jingine kabisa.

Tatu: kagua njia yako mwenyewe

Toka nje mchana na uangalie laini ya simu ya zamani inaingiaje nyumbani. Kwa kawaida faiba itafuata njia hiyohiyo. Kama waya unatoka kwenye nguzo na kupita hewani, faiba itapita hewani. Kama unazama ardhini kwenye lango na kuibukia ukutani, faiba itahitaji bomba la chini ya ardhi.

Njia ya hewani: simama chini ya nguzo na uangalie juu kuelekea pembe ya paa. Lazima pawe na mstari usioguswa na miti. Mti ulio ndani ya ua ni wa mwenye ua, na fundi hatapanda kuukata. Hapa kalenda ina nguvu, kwa maana sheria ya wanyamapori ya 1976 inazuia kukata ua wa miti na vichaka kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti ili ndege waatamie. Ina misamaha yake, lakini usitegemee kujitetea nayo kwa jirani mpenda ndege. Kata Septemba hadi Februari. Na kama tawi liko karibu na waya wa umeme, usiliguse; waite ESB Networks.

Njia ya chini: hapa ndipo watu wengi hukwama. Nyumba za zamani mara nyingi waya wa simu ulifukiwa hivihivi kwenye udongo bila bomba lolote, kwa hiyo hakuna pa kupitishia kitu kipya. Zilizo na bomba nazo, likikaa miaka thelathini hujaa tope, hupasuliwa na mzizi, au hupondwa na lori la saruji la yule aliyejenga banda. Kwa kawaida kazi ya kuchimba na kuzibua ndani ya kiwanja ni ya mwenye kiwanja, si ya kampuni.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta mdomo wa bomba ukutani na mdomo mwingine kwenye kishimo cha langoni. Ingiza fimbo ndefu inayopinda, ile wanayotumia mafundi wa umeme, na uisukume taratibu kuanzia upande wa nyumba. Ikitokea langoni, funga kamba ya nailoni kwenye ncha yake, ivute irudi, na uiache kamba humo ndani, ncha mbili zikiwa zimefungwa ili zisidumbukie. Fundi akikuta kamba imelala ndani ya bomba, kazi yake imekwisha nusu. Fimbo ikigoma, iwekee alama pale mkono wako ulipo, ivute nje, na uilaze juu ya majani kando ya njia ya bomba: ncha yake inakuonyesha pa kuchimba. Mara nyingi ni chini ya lango lenyewe, kwa sababu ndipo magari yanapopita.

Anayejenga nyumba mpya ana bahati ya kufanya hivi kwa gharama ndogo. Laza bomba la milimita 50 kutoka mpakani hadi chumba cha mashine zako kabla mwaga-zege hajaja, weka kamba ndani, epuka kona kali, na usilichanganye na bomba jekundu la umeme. Omba Eircode mapema pia. Bila hiyo hakuna atakayepokea oda yako.

Nne: zungumza na mwenye nyumba kabla ya fundi

Mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta wa mtu. Fundi akifika akauliza, "Nyumba ni yako?" na ukajibu, "Hapana, lakini hana shida," anaweza kufunga mkoba wake na kuondoka, na haki yake. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi wenye mambo manne: kwamba faiba imefika au inakaribia, waya utapita wapi, tundu litakuwa dogo na litazibwa, na nani atalipa endapo bomba limeziba. Mwambie ajibu kwa maandishi. Hilo la nne ndilo la kulijadili kwa upole, maana bomba litabaki kuwa mali yake wewe ukiondoka, na nyumba yenye faiba hupangishika haraka. Wenye nyumba wengi wakielewa hivyo hukubali, na yule ambaye ana trekta huja kuchimba mwenyewe Jumamosi.

Tano: intaneti ya kushikilia wakati unasubiri

Kosa kubwa hapa ni kusaini miezi 24 kwa hasira. Sheria ya Ulaya hairuhusu kampuni kukufunga zaidi ya miezi 24 mwanzoni, lakini miezi 24 ni mingi kama faiba inakuja baada ya sita. Tafuta ya mwezi kwa mwezi, hata kama bei yake iko juu kidogo. Ukinunua kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo. Zitumie kupima kweli, jioni saa mbili usiku ambapo kijiji kizima kiko mtandaoni, si asubuhi.

Laini ya shaba ya simu: kama kabati la simu la barabarani liko mita mia kadhaa kutoka kwako, inaweza kukutosha. Ikipita kilomita moja au mbili, spidi inaporomoka na hakuna ruta ya kuirudisha.

Ruta ya 4G au 5G ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Anza na ramani ya mawimbi ya ComReg, mdhibiti wa mawasiliano, uone kampuni ipi ina nguvu kwako nje ya nyumba. Ndani ni habari nyingine: kuta za mawe za nyumba za zamani, na zile mbao za plasta zenye karatasi ya fedha nyuma katika nyumba mpya, zinameza mawimbi. Nunua laini ya malipo ya kabla ya kampuni unayoifikiria, itie kwenye simu, na utembee nayo nyumbani, juu na chini, kila dirisha. Dirisha lililoshinda ndilo la ruta. Likikosekana, funga antena ya nje yenye waya mbili, ukiielekeza mnarani. Soma pia kikomo cha bando. "Bila kikomo" mara nyingi ina sharti la matumizi ya haki limeandikwa kwa maandishi madogo.

Dishi la setilaiti kama Starlink, linalopatikana Ayalandi tangu 2021, linafanya kazi vizuri mahali ambapo simu haishiki kabisa. Linataka anga wazi upande wa kaskazini na linakula umeme kuliko ruta ya kawaida. Kwa maoni yangu, kama eneo lako liko kwenye kutandaza waya, usinunue. Kama bado liko kwenye michoro na unasoma shahada mtandaoni, nunua.

Kwa mtihani au usaili wa kazi usiokubali kukatika, tumia jengo la jamii. Serikali iliunganisha kumbi, shule na viwanja vya michezo takriban mia tatu vijijini kama vituo vya intaneti kabla waya haujafika majumbani. Maktaba za umma nazo zina Wi-Fi bure na uanachama ni bure. Baadhi yao zina utaratibu wa kuingia mwenyewe kwa kadi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, siku zote za mwaka, na huo ni wokovu kwa mtu wa zamu.

Sita: kuagiza na siku ya fundi

Eneo likifunguliwa, huagizi kwa NBI. Wao huuza kwa jumla tu. Unaagiza kwa kampuni ya rejareja kama Vodafone, Sky, eir au Digiweb, na si kila kampuni inauza juu ya mtandao huo, kwa hiyo anzia kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya NBI. Kifurushi cha chini ni megabiti 500, na familia ya kawaida haihitaji zaidi. Usikubali kupandishwa gigabiti mbili na muuzaji mchangamfu. Uliza mambo matatu: ada ya kufungiwa, bei baada ya mwaka wa ofa kuisha, na kama namba ya simu ya mezani itahamishwa.

Kwanza atakuja fundi wa kukagua. Mtembeze ile njia uliyoikagua, mwonyeshe kamba, mwonyeshe bomba linapotokea. Kubalianeni mahali pa kisanduku cha kupokea faiba ndani ya nyumba sasa, maana siku ya kufunga fundi atafuata karatasi. Wengi huchagua nyuma ya televisheni sebuleni kwa mazoea. Bora katikati ya nyumba, karibu na soketi mbili za umeme, moja ya kisanduku na moja ya ruta, na mbali na jiko la chuma.

Siku yenyewe mtu mzima awepo nyumbani. Ondoa gari mbele ya nguzo na umfunge mbwa. Waya ukishaingia, uangalie kabla fundi hajaondoka: ni uzi wa kioo, haupendi kukunjwa kona kali wala kubanwa na mguu wa kochi. Kisha angalia taa za kisanduku. Ile iliyoandikwa PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika na mtandao umekitambua. Ikipepesa, bado inatafuta. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na hapo kuzima na kuwasha ruta ni kupoteza muda. Kuna waya umekatika au kiungo kimelegea.

Tarehe ikiahirishwa zaidi ya mara moja, lalamika kwa kampuni ya rejareja uliyosaini nayo, si kwa mkandarasi, na uombe namba ya malalamiko. Zikipita siku kumi za kazi bila suluhisho, peleka namba hiyo ComReg.

Saba: kabla hujakata laini ya zamani

Acha intaneti ya zamani iendelee kwa siku kadhaa baada ya mpya kuwaka. Kama kuna namba ya mezani unayotaka kuibakiza, usiikate mwenyewe hata kidogo. Kampuni mpya ndiyo inayoihamisha, na ukiikata kwanza unaweza kuipoteza. Kwa wanaohudumia wazee majumbani hili lina uzito wa pekee. Kile kibonyezo cha shingoni ambacho mzee hubonyeza akianguka huenda kinapiga kupitia laini ya shaba. Wapigie wanaokisimamia, waeleze kwamba nyumba inahamia faiba, na msihame mpaka kijaribiwe.

Pima spidi kwa waya kutoka kwenye ruta kabla ya kulaumu faiba. Ukipata 480 kwa waya na 20 chumbani, tatizo ni ukuta wako, na dawa yake ni ruta za ziada za kusaidiana au waya wa kawaida uliovutwa hadi chumba hicho.

Mwisho ni umeme. Laini ya shaba ilikuwa na umeme wake kutoka kituoni. Faiba inategemea soketi yako. Dhoruba Éowyn ya 24 Januari 2025 iliacha wateja 768,000 gizani, na sehemu za magharibi zilikaa hivyo kwa zaidi ya wiki mbili. Nunua betri ndogo ya akiba inayotoa volti sawa na iliyoandikwa kwenye adapta za kisanduku na ruta, nyingi zikiwa volti 12. Itakushikilia saa kadhaa kama waya wa nje haujaangushwa na mti. Kwa siku nyingi zaidi ya hapo, ile laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua wakati wa kupima madirisha usiitupe. Iongezee salio kila baada ya muda ili isifungwe, na uiweke pamoja na mishumaa.